Enesi, Wateja Wamepatikana

Enesi rafiki yangu,

Wateja wamepatikana. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa ungenikatiza katikati ya "hujambo" uniulize, "Ehe, nani kakubali?" Wamekubali watatu. Wa nne nimemkataa mwenyewe, na nitakueleza kwa nini, hata kama utanuna.

Ofisi haijafungwa. Kibao kipo palepale mtaa wa Sogea, juu ya mlango wetu wa bati, na jina ni lilelile tulilogombania wiki nzima: Sauti na Rangi. Watu wazima wenye akili zao wamekuja kunishauri nifute neno la kwanza.

"Sauti ilikuwa ya marehemu," wananiambia. "Wewe baki na rangi."

Sijafuta. Sifuti.

Miezi saba imepita tangu tukurudishe kijijini kwenu Ndalambo kukuzika. Hujui kilichonipata siku ile ya mazishi, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza, kwa hiyo nakueleza wewe. Walinipa nafasi ya kusoma salamu za marafiki. Niliziandika kwenye karatasi ya daftari, nikaziandika upya mara tatu, nikikwepa kila neno linaloanza na irabu, maana wewe unajua irabu zinavyonifungia koo. Badala ya "alikuwa" nikaweka "huyu ni mtu niliyemjua". Nilipanga kama mtu anayepanga njia ya kuwakwepa mbwa. Lakini jina lako linaanza na E, Enesi, na mtu hazikwi bila kutajwa.

Nikasimama. Nikafungua mdomo kwenye E, na E ikakaa hapohapo. Watu waliinamisha vichwa wakidhani ni kilio. Sikuwa nalia. Nilikuwa nasukuma. Sijui nilisimama muda gani. Kisha kaka yako Zabron akaja taratibu, akanishika bega, akachukua karatasi mkononi mwangu. "Pole, dada Salome. Kaa." Akasoma yote, kuanzia juu hadi chini. Alisoma vizuri, kwa ile sauti ya kwenu nzito isiyotetereka, na watu wakasema amina kwa maneno yangu yakitoka mdomoni mwake.

Alinifanyia wema. Nilimchukia kwa wema ule kwa muda mrefu.

Siku chache baadaye alikuja Tunduma kuchukua vitu vyako. Nilimpa nguo, godoro, ile sufuria yenye mpini mmoja. Nilimpa spika na amplifaya pia, kwa sababu ulinunua wewe na ni haki ya nyumbani kwenu. Nilimsaidia hadi kuvifunga juu ya gari. Wakati anapanda akageuka, akaniambia bila ubaya wowote, "Dada Salome, kazi hii ilikuwa ya kuongea. Tafuta mtu akuajiri upake rangi. Hutalala njaa."

Nilimpungia mkono hadi gari likapotea. Nikarudi ofisini, nikatoa ile orodha uliyoandika nyuma ya boksi la rangi, maduka kumi na mawili ya kuanzia. Mbele ya kila duka uliandika herufi ya atakayeongea. E. E. E. Kumi na mbili zote E. Chini kabisa, peke yake kama mtu aliyesahauliwa stendi, kulikuwa na S: kuchora.

Niliitazama ile orodha nikacheka kwa hasira. Kesho yake asubuhi nikavaa gauni la bluu, nikaenda duka la kwanza.

Unalikumbuka, lile la magodoro karibu na barabara kuu. Mwenyewe alikuwepo, amekaa juu ya godoro moja kama sultani, na vijana wake wawili wa kubeba mizigo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima: habari za kazi, mimi naitwa Salome, natoka Sauti na Rangi, tunafanya matangazo ya biashara. Salamu ilipita. Jina likapita. Nikafika kwenye "matangazo", na hata M, ambayo huwa hainisumbui sana, siku hiyo ikagoma.

"Ma-ma-ma-"

"Mandazi?" akasema. "Leo tumeshakula, dada. Pita kesho."

Wale vijana wakacheka hadi wakashikana mabega. Nikatikisa kichwa, nikajaribu tena. Safari hii aliningoja kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa ofisi ya matangazo imekosa hata mtu wa kuongea? Mnatangaza kwa ishara?"

Nikatoka. Sitakudanganya kwamba nilitoka kichwa juu. Nilitoka nikiangalia viatu. Nilivuka barabara nikasimama upande wa pili, katikati ya malori, kwa sababu hapo kuna injini zinaunguruma na mtu anaweza kulia bila kuulizwa. Foleni ya kuvuka mpaka siku hiyo ilikuwa imerudi nyuma mbali sana, lori nyuma ya lori, madereva wamelala kwenye viti au wamekaa tu wakitazama mbele. Nililia, nikafuta uso, na kwa kuwa sikutaka kupita tena mbele ya lile duka, nikakaa pale pale.

Na hapo ndipo nilipoona, Enesi. Sijui kwa nini hatukuona mimi na wewe, tulivyozunguka mji huu na ile spika yako. Wale madereva wanakaa pale siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Wana njaa, wana kiu, wanataka vocha, wanataka tairi lizibwe. Na hakuna mtu anayewasemesha. Vibao vyote vya Tunduma vimewekwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizambia kwenye lori la shaba, mlango wazi. Nikamsalimia, "Mulishani, mukwai," maana Kibemba kwangu hupita vizuri kuliko Kiswahili, usiniulize kwa nini. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nataka kupanda. Akanishangaa, kisha akasogea. Nikapanda kwenye kabini, nikakaa kiti cha pembeni, nikatazama mji wetu kutoka pale anapokaa yeye kutwa nzima.

Huoni duka hata moja. Unaona mapaa. Unaona nguzo za umeme, kingo za kuta za maghala, na mawingu. Milango yote iko chini, imezibwa na maturubali na miavuli. Nilimwuliza yule mzee anakula wapi. Akasema anakula biskuti. Nikamwuliza anaoga wapi. Akacheka, akanionyesha vidole vitatu, siku tatu hajaoga. Na ilikuwa Juni, unaijua Juni ya hapa, maji ya bomba asubuhi yanauma kama meno.

Nyuma ya maghala nikaona moshi unapanda. Nikamwuliza kuna nini pale. Hakujua. Nikashuka, nikaufuata.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Bi Zuhura. Hukumfahamu, na ninasikitika kwamba hukumfahamu. Ni mjane mtu mzima kutoka Kondoa, alikuja Tunduma na mumewe aliyekuwa na malori, mume akafa, malori yakaenda kwa ndugu, yeye akabaki na kiwanja kidogo nyuma ya maghala. Amejenga mabafu manne ya mbao na bati, na katikati pipa kubwa la maji linachemka juu ya magogo. Maji ya moto ya kuoga. Ana ndoo safi, ana sabuni, ana kanga zimeanikwa kama bendera. Na mteja hakuna hata mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachochea moto kwa ajili ya watu ambao hawajui yupo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka kuoga?"

Nikaanza kumwambia. Ikagoma palepale ilipogoma kwa mwenye magodoro. Nikamtazama mdomo nikingoja anitupie neno lake, mandazi, maziwa, matikiti, lolote. Hakutupa neno. Akasogeza gogo ndani ya moto, akajifuta mikono, akanitazama.

"Mimi sina pa kwenda," akasema. "Sema tu."

Akakaa kweli. Hakunisaidia, hakunionea huruma, hakutikisa kichwa kunisukuma. Alikaa kama mtu anayengoja chai ichemke, anajua itachemka. Na nikasema, Enesi. Nilimweleza yote, lori, kabini, mapaa, yule mzee wa siku tatu. Ilichukua muda mrefu kuliko ambao wewe ungechukua kwa maduka yote kumi na mawili. Lakini kila neno lilikuwa langu, na lilitoka lilivyokusudiwa.

Hapa nataka kukwambia jambo, na usikasirike, au kasirika, sasa utanifanya nini. Wewe ulikuwa unanimalizia sentensi. Miaka sita. Tangu siku ile ulipokuja kwenye kibanda changu cha kuandika namba za malori, unataka kibao cha mkutano wa injili, nikaanza kukuuliza rangi gani, ukanimalizia. Ulifanya kwa upendo. Najua. Ulimaliza vizuri, mara nyingi vizuri kuliko nilivyotaka kusema, na watu wakacheka na wakatupenda. Lakini nilikuwa nikirudi nyumbani jioni na tumbo limejaa sentensi zilizokatwa. Siku ile tuliyochagua rangi ya ofisi nilitaka kusema "kijani", ukamalizia "kibluu", na ofisi yetu ikawa ya kibluu hadi ulipoondoka. Sikukwambia, kwa sababu kukwambia kungehitaji sentensi ndefu.

Nakupenda. Ofisi nimeipaka kijani.

Basi Bi Zuhura akakubali. Nilichukua mabati mawili ya zamani, nikayasugua kutu, nikachora ndoo kubwa inatoa mvuke, ndoo ambayo hata asiyesoma angeihisi mgongoni. Chini yake nikaandika kwa herufi nene MAJI MOTO, na chini ya hiyo, kwa Kibemba, AMENSHI AYAKABA, na mshale. Nikamtafuta fundi wa kuyapandisha juu ya nguzo, nikamwambia hapana, juu zaidi, hapana, juu zaidi. Alidhani nimechanganyikiwa. Watu walipita chini wakicheka bango linalotangazia ndege. Mwenye magodoro alitoka dukani kwake kuliangalia, mikono kiunoni.

Saa ile fundi anateremka, lile lori la yule mzee likawa limesogea hatua chache tu. Nikamwona anainua kichwa. Akasoma. Akazima injini, akachukua taulo lake, akashuka.

Kufikia saa kumi Bi Zuhura alikuwa ameazima pipa la pili. Nilipofika kesho yake kulikuwa na watu kwenye benchi, Wazambia, Wakongo, kijana mmoja wa Iringa anatetemeka, wanangoja zamu na kupigiana stori. Yule mzee alikuwa anaondoka amependeza. Akanipa mkono. "Natotela, bamayo," akaniambia, asante mama, na mimi hata kumzaa mtoto wa paka sijawahi.

Fundi wa matairi, jirani wa yale maghala, alikuja mwenyewe wiki iliyofuata. Huyo hakuwa na maneno mengi na mimi pia sina, tukaelewana haraka. Sasa hivi tairi jekundu limekaa juu ya nguzo na linaonekana kutoka mbali. Wa pili huyo.

Kisha akaja mwenye magodoro.

Alikuja ofisini kwetu kwa miguu yake, akasimama mlangoni, akasema anataka kama lile la maji moto, ila kubwa zaidi. Nikamwambia karibu akae. Nikaanza kumwuliza anataka liseme nini. Nikakwama. Akafungua mdomo anisaidie. Nikainua mkono, hivi, kama askari wa barabarani, na nikaendelea kukwama nikiwa nimeinua mkono hadi neno likatoka. Alingoja. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini alingoja. Kwa hilo peke yake ningemchorea bure.

Lakini alitaka niandike kwamba magodoro yake ni mapya, yametoka kiwandani. Na mimi na wewe tulishawaona wale mama wanaojaza vipande vya sponji kuukuu kwenye mifuko mipya ya godoro, nyuma ya ghala lake. Nikamwambia nitaandika "magodoro ya bei nafuu", nitachora mtu amelala anatabasamu, lakini "mapya" siandiki. Akasema kila mtu anaandika. Akasema nina bahati mtu mkubwa kama yeye kuja kwenye kibanda. Nikasema hapana. Hapana ni neno jepesi, Enesi, linaanza na H, linateleza. Nilisema mara tatu kwa raha yake.

Najua wewe ungekubali. Ungepata namna ya kusema bila kusema, ungemfanyia wimbo. Na huenda tungegombana siku mbili, kisha ungekuja na mahindi ya kuchoma, unipe kipande kikubwa, yaishe. Mji mzima ulinisema. Hata Bi Zuhura alinuna kidogo, akasema mtu akipata mteja mkubwa hamfukuzi. Mwezi ule ulikuwa mgumu. Nilirudi kuandika namba za malori asubuhi ili nipate chakula. Lakini sikujuta, na leo pia sijuti.

Sasa nikufikishe kwenu.

Mwezi uliopita mlango ukafunguka, akaingia Zabron. Alikuwa ameleta chupa za mafuta ya alizeti kuuza hapa barabarani, akaona ile ndoo juu angani, akaujua mkono wangu. Alisimama katikati ya ofisi akitazama kuta za kijani. Hakusema kitu kuhusu kibao cha nje, lakini nilimwona alivyokisoma.

Akanieleza. Kina mama wa kijijini kwenu, na mama yako yumo, walichanga wakanunua mashine ya kukamua alizeti. Mafuta mazuri, ya dhahabu, nimeyaonja. Lakini wanayaweka kwenye chupa za maji zilizookotwa, bila jina, wanayapanga chini kando ya barabara, na mtu wa gari akipita anaogopa. Hajui ni mafuta ya kula au ya taa. Hajui yametoka wapi. Wachuuzi ndio wanaoyanunua, kwa bei wanayotaka wao.

"Njoo utuchoree, dada Salome," akasema. "Kikao ni Jumamosi. Wewe usihangaike, mimi nitawaeleza, wewe utaonyesha tu michoro."

"Nitakuja," nikamwambia. "Na ni-ni-nitaeleza mwenyewe."

Akaanza kukusanya chupa zake.

Tulikaa chini ya lile banda la mashine, kama watu arobaini, kina mama wengi na wazee wachache waliokuja kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mama yako alikaa mbele. Amekonda, Enesi. Amefunga kile kitambaa chako cha zambarau. Zabron akanitambulisha, na nikaona anajiandaa kubaki amesimama kando yangu. Nikangoja hadi akajisogeza pembeni.

Ningeweza kuanza na mafuta. Ningeweza kuanza na "kina mama", K ni rafiki yangu. Lakini nilikuwa nimeapa njia nzima, kutoka Tunduma hadi pale, kwenye vumbi lile, kwamba nitaanza na wewe. Nikafungua mdomo kwenye E.

Ikakaa.

Nikasukuma. Ikakaa. Mtoto akaanza kulia, mama yake akampa ziwa. Mzee mmoja akakohoa. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa huruma, "Msaidieni jamani, mwenzenu anateseka." Na nikaona Zabron anainuka, mkono wake umeshanyooka, vilevile kama siku ile.

"Zabroni," mama yako akasema kwa Kinamwanga cha kwenu, bila hata kugeuka. "Kaa chini."

Akakaa.

Na nikaisema. Enesi. Nikasema, Enesi alikuwa rafiki yangu na tulifungua ofisi pamoja, na leo nimekuja kufanya kazi tuliyokusudia. Irabu zote, sikukwepa hata moja. Ilipita kama mtu anayepita kwenye mlango mdogo na mzigo mkubwa, anagonga huku na huku, lakini anapita. Mama yako hakulia. Alikuwa anaitikia kidogo kwa kichwa kila neno lilipotoka, kama anayehesabu mifugo inayoingia zizini.

Baada ya hapo nikaongea kazi. Nikawaambia mafuta yao hayana mwenyewe. Mtu akiyapenda hajui amrudie nani, akiyachukia hajui amlaumu nani, kwa hiyo anaona heri asiyaguse. Nikawaonyesha chupa niliyokwenda nayo, safi, ina karatasi ya njano yenye ua la alizeti na jina, MAFUTA YA NDALAMBO. Hapo wakaamka. Wakagombana vizuri sana. Mmoja alitaka ua liwe kubwa, mmoja alitaka jina la kanisa, mmoja alisema njano ni rangi ya ugonjwa. Zabron alipendekeza tuchore uso wako. Mama yako akasema hapana, mwanangu hakukamua mafuta, waliokamua wako hapa, tuandike kina mama. Nami nilikuwa nafikiri hivyohivyo, ila nilishukuru limesemwa na yeye.

Kisha yule mama wa nyuma, aliyenionea huruma, akanyoosha mkono. "Sasa wewe ukifika huko Tunduma, hao wanunuzi utawaambiaje?"

"Kama ni-nilivyowaambia nyinyi."

"Yesu wangu! Si itachukua kutwa nzima?"

"Wakinisubiri," nikasema, "wa-wataonja."

Walicheka, Enesi. Walicheka wote, hadi wale wazee, hadi Zabron, na mimi pia nilicheka, kwa sababu safari hii nilikuwa nimekusudia wacheke. Ni mara yangu ya kwanza kuwachekesha watu arobaini. Nilielewa kwa nini uliipenda hii kazi licha ya pumu yako, ukivuta dawa kwa mkono mmoja na mkono wa pili umeshika kipaza sauti, katika mji wenye vumbi kuliko yote. Nilikuwa nakulaumu kwa hilo. Nilifikiri uliutupa uhai wako kwenye makelele. Sasa silaumu.

Wakakubali. Wa tatu.

Baada ya kikao nilikwenda na mama yako kwenye kaburi. Tuling'oa majani. Zabron alitusindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama nataka spika irudi. Nikamwambia waitumie kwa vikao vya kikundi, maana yule mwenyekiti wao hasikiki hata kwa anayekaa karibu naye.

Bado ninakuwaza kila siku. Nikichanganya rangi nakuwaza, nikisikia mtu anapaza sauti sokoni nageuka. Sitaki mtu aniambie nimezoea kutokuwepo kwako, sijazoea. Ila nimeacha kuwa nusu ya watu wawili. Pumzika, rafiki yangu. Umefanya kazi yako. Hii inayobaki niachie, na nakuahidi sitamkabidhi mtu mwingine mdomo wangu, hata awe na sauti kama yako.

Jumatatu naondoka kwenda Ibaba. Kuna wakulima wa viazi huko juu wamesikia habari za Ndalambo, wameniita. Mwenyekiti wao amenipigia simu, akasema watu wana shughuli nyingi, wananipa dakika kumi.

Nimemwambia watenge saa nzima.

Wako,
Salome